Fisi Afungua Sataranji kwa Mdomo

Mwaka huo jua liliwaka mpaka vivuli navyo vikawa vinatafuta kivuli. Mto ulikauka, kiboko akawa anaoga vumbi. Kilibaki kidimbwi kimoja, maji ya kikombe na nusu. Simba akatangaza: vijana wacheze sataranji, ukoo wa mshindi unywe kwanza.

Waliofika fainali ni Sungura na Fisi. Mama yake Sungura alikuwa kitandani siku ya tatu, ulimi umekauka kama kigae, na nani asiyejua kwamba ukoo wa fisi ukitangulia kunywa, nyuma hubaki tope, na hilo tope ni kwa bahati?

Kete alizichonga Kobe kwa mifupa ya nyati, maana miti ilikwisha.

"Dogo, umesomea ufunguzi gani?" Fisi akauliza.

"Natanguliza askari wa mfalme, halafu farasi."

"Mimi wangu ni mmoja. Nafungua mdomo."

Sungura alidhani utani. Akasogeza askari hatua mbili, akageuka kupiga chafya. Kacha kacha. Kurudi, askari hayupo, Fisi anatafuna.

"Mzee Simba, kamla askari wangu, na kete yake haijasogea hata moja."

"Kwani mchezo huu hatusemi kula?" Fisi akajibu. "Basi nimekula."

Simba hakujua sheria hata moja ya sataranji, ila mfalme haulizi. Akakunja uso kama aliyeibuni sataranji yenyewe. "Kula ni kula. Neno langu halirudi."

Hapo Fisi akala farasi wawili, ngome, malkia na kete nyingine nyingi, akalamba na ubao. Sungura akabaki na mfalme na askari watatu. Akamfikiria mama, akavuta pumzi.

"Kaka Fisi, pole. Zangu zote ni mbavu, kavu. Mfalme wako ndiye katoka mfupa wa paja. Kobe kasema uboho bado umo."

"Sidanganyiki," Fisi akasema, akatazama pembeni. Akamtazama mfalme. Mate yakamtoka, yangejaza mto na mafuriko juu. "Nitamlamba tu. Kidogo."

Kacha.

Simba akasimama. "Mfalme wa nani huyo?"

"Wangu, Mzee, lakini nimemla mwenyewe, kwa hiyo haihesabiki..."

"Mfalme akishaliwa," Simba akasema, "hapa hakuna mchezo tena."

Mama Sungura akabebwa hadi kidimbwini, akanywa mpaka masikio yakasimama. Fisi akabaki anatema vipande vya mfupa, anatafuta uboho. Haukuwepo. Kobe hakuwahi kusema neno hilo.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu.