Kiwanja cha Mkate wa Kali

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu, bibi yangu alipokuwa bado na meno yake yote, palikuwa na mji uitwao Kwemisanga, katikati ya mashamba ya mkonge.

Mvua ikagoma. Mtama ukafa, maharage yakafa, mbuzi wakaisha. Ghalani kikabaki kitu kimoja: mahindi. Watu wakala ugali asubuhi, ugali mchana, ugali jioni. Wakala ugali na chumvi. Chumvi ilipokwisha, wakala ugali na maneno. Walikula na hawakunenepa. Ngozi za mikono zikaanza kubanduka, watoto wakalegea, na Chiku, mjukuu wa Bi Mwantumu, akawa hanyanyuki mkekani.

Basi mjini alikuwako mgeni mmoja, Remedios, mwanamke wa Meksiko. Alikuja na mumewe, fundi wa mashine za mkonge. Mume akafa, tukamzika, mke akabaki peke yake katika nyumba ya shamba. Huyu kwao mahindi wanayajua kama unavyomjua mama yako. Alipoiona mikono ya watoto akapiga kelele:

"Kal! Leteni kal!"

Kwa lugha ya kwao, kal ni chokaa, na kwao mahindi hupikwa nayo ndipo yaupe mwili nguvu. Lakini masikio ya Kwemisanga ni ya Kwemisanga. "Kali?" Wakamletea pilipili.

"Kal!" Wakamletea gongo, pombe kali ya kuunguza koo.

"Kal, kal!" Jirani mmoja akasema, aah, sasa nimemwelewa. Akamletea mbwa wake mkali. Remedios akapanda juu ya meza.

Mnacheka nini? Watu wanakufa hapo!

Mbwa alipoondolewa, Remedios akashuka, akakwaruza ukuta mweupe kwa kucha, akaonyesha sufuria. Mhina, fundi wa kupaka chokaa, alikuwa akimtazama. "Huyu hataki kitu kikali," akasema. "Huyu anataka chokaa." Naye Mhina alikuwa na mfuko mmoja tu wa chokaa ya kupaka nyumba ya harusi yake, mawe yake aliyachoma mwenyewe. Mkwe alikwisha kumwambia: hakuna nyumba nyeupe, hakuna kumwoa Zaituni. Mhina akajikuna kichwa, akajikuna tena, akaubeba mfuko akampelekea Remedios. Zaituni akaolewa Handeni.

Remedios akachemsha mahindi kwa chokaa, akayalaza. Kulipokucha akayaosha na kuyaosha mpaka maganda yakatoka, akasaga, akachoma vimkate vyembamba. Vikanukia mpaka kituo cha gari moshi! Lakini nani ale?

"Chokaa ni ya ukuta," watu wakasema, "si ya tumbo." Na aliyesema kwa sauti kuliko wote ni Bi Mwantumu.

Remedios akala mwenyewe, wote wanamwona. Wakasema, "Aa, huyo tumbo lake ni la kwao."

Bi Mwantumu akamtazama Chiku pale mkekani. Kisha akasema, "Nipisheni. Mimi nimekula chumvi nyingi. Kama ni kufa, nitangulie mimi."

Akala kimkate kimoja. Akala cha pili.

"Bibi, unakufa?"

"Nakufa njaa! Lete kingine!"

Ndipo wakala wote. Siku zikapita, ngozi zikarudi, Chiku akasimama, akaanza na utundu wake. Mpaka leo mkate ule unaitwa mkate wa kali, na hauna ukali hata chembe. Kila mwaka tunaukumbuka kwa sherehe, na kila mwaka hakosekani mpuuzi wa kuleta mbwa.

Mvua iliporejea, Jumbe Sekiete, mkuu wa mji, akawakusanya watu. Mji ulikuwa na kiwanja kimoja cha kutoa, kando ya kisima. "Apewe aliyetuokoa," akasema.

Remedios akasimama, mzigo wake wa nguo miguuni. "Mimi nimeleta ujuzi. Si wangu, ni wa bibi yangu, na wa bibi yake. Lakini mwenye shamba anaitaka nyumba yake. Nikikosa kiwanja, leo hii napanda gari moshi. Na kaburi la mume wangu nimwachie nani?"

Mhina akasimama. "Dada yangu, ujuzi bila chokaa ni maji ya moto tu. Nilitoa mfuko, nikatoa na mke. Nikipata nyumba kisimani, labda nami nitaitwa mkwe na mtu. Tena bila mimi, hawa wangekuwa bado wanakuletea mbwa."

Bi Mwantumu hakusimama, magoti hayakutaka. "Ujuzi mlikuwa nao, chokaa mlikuwa nayo, na mkate ukawa unapoa. Nyinyi mlitoa vyenu. Mimi nilitoa roho, nikijua nakula kifo. Na magoti haya yamechoka kupanda kilima na ndoo kutoka kisimani."

"Wagawiwe!" mtu akapaza sauti.

"Kiwanja hiki?" akasema Jumbe. "Nikikigawa kwa watatu, watapata makaburi, si nyumba."

Kule kituoni gari moshi likapiga honi. Remedios akauinua mzigo wake. Hakuuweka begani, hakuurudisha chini. Akamtazama Jumbe, Jumbe akatutazama sisi.

Haya, nanyi mliojaza vinywa mkate wa kali hapa kwangu, mezeni kwanza mnijibu. Mzigo ule upande begani au ushuke chini? Je, nani alistahili kiwanja?