Pimbi Aliyemcheza Gangamala

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga milango kwa komeo, palikuwa na kitabu cha katuni kilichopendwa kuliko uji wa asubuhi. Mchoraji wake alikuwa Kima. Shujaa wake aliitwa Gangamala: jitu lenye pembe, shingo kama gogo, kifua kama lango la boma.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, kikabaki kisima kimoja tu. Wakubwa walikunywa kwanza, wadogo wakaachiwa tope. Basi Kima akatangaza:

"Tutaigiza hadithi ya Gangamala! Atakayemcheza Gangamala hadi watazamaji wamshangilie, ndiye atakayepanga zamu za kisimani!"

Nyati akaja mbio, puu! puu! puu!

"Kazi imekwisha! Tazameni pembe hizi. Nani mwingine amefanana naye?"

"Mimi!" akasema Kiboko. Alikuwa amejifunga kichwani ndizi mbili za mkono wa tembo. "Nina kifua, na pembe ndizo hizi."

Nyati akazinusa pembe zile. Akaila moja, nyam! Kiboko akaenda zake akinung'unika.

"Hodi, wakubwa," ikasema sauti ndogo. Alikuwa Pimbi. "Na mimi naomba kucheza."

Nyati alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Gangamala wa kutia mfukoni! Hiyo shingo yako iko wapi?"

"Maneno yake nayajua yote, bwana. Huwasomea wanangu wanapolia kwa kiu."

"Watu wanataka sura! Maneno ya nini?"

Pimbi aliumia, lakini akatabasamu. "Kweli, Bwana Nyati. Ila ufanane naye kabisa. Kitabuni, Gangamala husogea?"

"Picha itasogeaje?"

"Na mdomo, hufumbua?"

Nyati akakodolea kitabu macho. "Aa, ameufumba. Maneno yamo kwenye kiwingu juu ya kichwa."

"Umeona? Ukisema neno au ukitikisika, watasema siye."

"Lo! Na hicho kiwingu nitakipata wapi?"

"Mimi ni mwepesi, bwana. Nitakaa kati ya pembe zako."

"Haya. Lakini usijioneshe!"

"Kiwingu tu, bwana."

Kima akageuka upande, akajiziba mdomo kwa mkia.

Siku ya mchezo uwanja ulijaa pomoni. Nyati akasimama tuli, kifua mbele, mdomo kaufumba. Juu yake Pimbi akainuka, akanguruma kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo:

"Nani amemnyang'anya mnyonge maji yake? Aje anitazame machoni!"

Akaruka pembe hii, akarukia ile. Akalia, akatisha, akabembeleza. Wadogo wakasimama. Ndovu akapangusa machozi kwa sikio.

"Gangamala! Gangamala!" watu wakapiga kelele.

Nyati akafurahi moyoni. *Wananishangilia!* Mara nzi, zzzz, akaingia puani mwake. Nyati akajizuia, akajizuia, macho yakamtoka...

"Chyaaaa!"

Pimbi akarushwa hewani, akaanguka, biringi biringi, hadi miguuni pa watazamaji. Polepole akainuka, vumbi mwili mzima.

"Hata mkinitupa," akasema, "nitasimama!"

Wee! Uwanja ukalipuka. Wakambeba Pimbi juu juu.

"Jamani!" Nyati akapiga kelele. "Gangamala ni mimi! Mwenye pembe ni mimi!"

Mama Digidigi akamtazama kwa mshangao. "Kumbe ni wewe, baba? Sisi tulidhani wewe ni kile kilima alichosimama juu yake Gangamala."

Kesho yake Pimbi akapanga zamu: wadogo kwanza, wakubwa wafuate. Nyati akaenda nyuma ya mstari, na kwa mara ya kwanza akasimama tuli bila kuambiwa.

Basi shikeni hili, wanangu: sura humfikisha mtu jukwaani, lakini kucheza hucheza moyo.