Tundu la Mzazi

Toeni vichwa humo! Tundu hilo si la kuchungulia maharusi. Kaeni niwaambie lilikujaje.

Hapo kale makanisa ya milima hii hayakuwa na tundu lolote. Yalijengwa kwa mawe na udongo, kuta nene hasa, mlango mmoja, na vijidirisha huko juu karibu na paa ili upepo usizime mishumaa. Ndani, kando ya ukuta, palikuwa na jiwe la ubatizo, limechongwa katikati likawa bakuli. Mtoto alibatizwa hapo tu, na jina lake lilitamkwa kwanza na mama yake. Asipolitamka yeye, watu waliamini, jina halishiki.

Lakini palikuwa na mila nyingine: mama aliyejifungua, ndiye tunayemwita mzazi, asivuke kizingiti cha nyumba isiyo yake kabla ya arobaini. Kwa hiyo watoto walisubiri.

Basi Naelijwa, mke wa Mgonja mwashi, akajifungua binti dhaifu, hata kunyonya kulimshinda. Arobaini ilikuwa mbali, na kila aliyemwona mtoto alijua hataifikia. Naelijwa akamlilia mavyaa wake, Bibi Nambike, mlinzi wa mila, mkali ambaye hata majogoo walimpisha njia.

"Mama, mwanangu asiende bila jina. Niruhusu nivuke."

"Kizingiti huvuki," akasema bibi. Akamtazama mjukuu wake, kisha akamgeukia mwanawe. "Mgonja, ukuta una kizingiti?"

"Hauna, mama. Kizingiti ni cha mlango."

"Sasa unangoja nini? Mimi nimekataza mlango. Ukuta sijautaja."

Mgonja akautoboa ukuta aliojenga mwenyewe, karibu na lile jiwe, kimo cha mwanamke aliyeketi. Naelijwa akaketi nje, akapenyeza mkono, akamshika mguu mtoto aliyebebwa ndani penye jiwe. Padri alipouliza jina, akajibu kwa sauti iliyofika madhabahuni: "Nakundwa."

Mtoto hakumaliza wiki. Inaniuma hata leo nikisimulia. Lakini alizikwa ana jina, na alikuwa amelisikia kinywani mwa mama yake. Mgonja alipokuja na jiwe la kuziba, alimkuta Bibi Nambike ameketi mbele ya tundu, analia bila kujificha. "Liache," akamwambia.

Na kuanzia hapo, kanisa halijengwi milimani huku bila tundu la mzazi. Mama ambaye arobaini yake haijatimia huketi nje, na padri haulizi jina mpaka auone mkono.