Mpira wa Bosi Ngoda

Aliyekisimulia kwanza kisa hiki ni shangazi Mkamburi, Krismasi ya 1997. Dada yake Wakesho alikuwa akiwabebea wageni mifuko ya gofu katika hoteli moja kule Taita, kwenye uwanja wa upepo na nyasi ndefu. Siku moja, meneja wa hoteli akiwapo, pigo la kwanza la Bosi Ngoda, tajiri wa mkonge, lilipotelea nyasini.

“Umeniibia mpira, mwizi wewe! Meneja, mfukuze!”

Wakesho akaenda penye bendera, akainamia shimo. “Bosi, si huu humu? Umeuingiza kwa pigo moja!”

Ngoda akaja mbio. “Ndio wenyewe! Wangu kabisa! Meneja, andika kitabuni: pigo moja, shimoni!”

“Kwa hiyo sikuiba, bosi?”

“Uibe nini, mama? Andika, meneja!”

Meneja akaandika. Mpira ule Wakesho alikuwa ameuokota juzi yake bwawani. Ngoda na meneja wamekwisha kufariki. Wakesho yu hai.