Bendi Iliyogawanywa Nusu kwa Nusu

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye somo letu, niruhusuni niwapeleke kwenye sherehe. Ninyi mliokaa nyuma msianze kuangalia mlango, pilau imo ndani ya hadithi, haimo nje.

Palikuwa na baba mmoja na mama mmoja walioachana. Mahakama ilikwisha kusema yote ya kusema: binti yao, Ndeshi, akae na mama siku za shule, na Jumapili iwe ya baba. Kila mtu akaenda zake. Ila tangu siku walipotoka mahakamani, wale wawili hawakusemezana tena. Jambo likitokea, baba anamtuma kaka yake, mama anamtuma dada yake, na yanayobaki anatumwa mtoto.

Basi Ndeshi akafikia kipaimara, na mnajua wenyewe kwetu kipaimara ni nini. Gauni jeupe lilikuwa limeshonwa, na binti alikuwa anafanya mazoezi ya kucheza mbele ya kioo, kwa sababu alichokingoja yeye si soda wala keki. Alingoja kutoka kanisani akiwa na tarumbeta mbele yake, acheze barabarani hadi nyumbani, watu wote wamwone.

Baba akasema, "Kipaimara ni Jumapili, na Jumapili ni yangu."

Mama akajibu, kwa mdomo wa dada yake, "Mahakama ilimpa Jumapili. Haikumpa kipaimara."

Kila mmoja akafunga turubai kwake, akapika pilau kwake, na kila mmoja akakodi bendi ya tarumbeta. Tatizo, mji ule ulikuwa na bendi moja tu. Kiongozi wa bendi akawapigia simu wote wawili: "Ongeeni wenyewe, mniambie nije kwa nani." Baba akasema, "Mimi siongei naye." Mama akasema, "Namba yake sina, wala siitaki." Yule bwana akakuna kichwa. "Haya," akasema, "basi na mimi nitahukumu. Nusu kwa nusu."

Jumapili ikafika, ibada ikaisha, watoto wakatoka wanang'aa. Nje ya lango zimesimama pikapu mbili, moja ng'ambo hii ya barabara na nyingine ng'ambo ile. Kwenye pikapu ya baba kuna ngoma tupu. Kwenye pikapu ya mama kuna tarumbeta tupu. Niambieni, mmewahi kusikia ngoma za bendi bila tarumbeta? Unadhani jirani anaezeka bati. Na tarumbeta bila ngoma? Zinalia kama zimefiwa. Wageni hawajui wapige makofi kufuata upande upi.

Baba anaita, "Panda huku, mwanangu." Mama anaita, "Njoo huku, mama." Ndeshi akasimama katikati ya barabara na gauni lake jeupe, akawaangalia wote wawili. Akauliza polepole, "Sasa mimi nitacheza wapi?"

Nawauliza ninyi, mtoto huyo mngemjibu nini?

Moyo wa mama ukamwuma. Akawageukia wapiga tarumbeta wake: "Shukeni. Nendeni kule kwenye ngoma, mtoto acheze." Wakati huohuo, ng'ambo ya pili, baba naye machozi yanamlenga, anawaambia wapiga ngoma wake: "Shukeni. Wafuateni wenye tarumbeta." Ngoma zikavuka barabara, tarumbeta zikavuka barabara. Wakapishana pale katikati, kila kundi likitii lilivyoagizwa, wakapanda. Kutahamaki, ngoma ziko kwa mama na tarumbeta ziko kwa baba.

Mnacheka. Hata wao walicheka. Mama alicheka hadi akashika nguzo ya lango, baba akacheka hadi akalegeza tai. Kiongozi wa bendi akasema, "Jamani, wote wawili wamejinyima kwa ajili ya mtoto, na mtoto bado hana bendi."

Katika kicheko kilekile, mama akasema, "Baba Ndeshi, sasa tuanzie wapi?"

"Tuanzie kwako, Mama Ndeshi, ndiko karibu. Kwangu tutamalizia."

Bendi nzima ikashuka barabarani. Na binti akacheza. Wapendwa, alicheza mpaka viatu akavishika mkononi, na pilau akala mara mbili.

Hawakurudiana, msije mkanielewa vibaya. Jioni kila mmoja alilala nyumbani kwake. Lakini Ndeshi alilala anacheka, nami namshukuru Mungu kwa hilo peke yake.

Sasa tuje kwetu sisi. Tunapoona mtoto anataabika kati ya nyumba mbili, tunasema upendo umepungua. Haya, yule baba hakumpenda mtoto? Yule mama je? Wote walimpenda, wote walijinyima, na bado mambo yaliharibika kwa kukosa kuulizana neno moja. Sheria ni njema, nami naiheshimu. Imetuwekea zamu ili tusipigane mbele ya watoto. Lakini mtoto akiumwa jino usiku, hakimu hatawapigia simu mwenzako na wewe. Hiyo kazi ametuachia sisi, na sisi tumewatwika mashemeji, mawakili, na huyohuyo mtoto mwenye jino.

Wapo humu leo watu ambao neno la mwisho walilosemezana walilisema mbele ya hakimu. Nawaona, mmekaa benchi tofauti, mmoja kule dirishani na mwingine huku. Mlivuliwa pete, sawa. Lakini hapo nje bado unaitwa Mama fulani, na yeye Baba fulani, na huyo fulani ni mmoja. Ibada ikiisha, usimtume mtoto. Nenda mwenyewe ukamwulize, "Mtoto wetu anaendeleaje?"