Mlezi wa Panzi wa Ng'waseki

Hapo zamani, si zile za mababu bali hizi ambazo wengine wetu tunazikumbuka, palikuwa na mji wa pamba ulioitwa Ng'waseki. Nyuma ya soko la mji huo lilikuwepo ghala kuukuu, tupu, na humo vijana walijifunza sarakasi kila jioni. Walijiita Panzi. Nanyi mngewaona mngekubali! Walikuwa wakiruka, wakibingirika, wakipandiana mabegani mpaka wanajenga mnara wa watu unaokaribia paa.

Mwalimu wao aliitwa Holo. Alikuwa ameizunguka nchi nzima na kundi la sarakasi, mpaka goti lake lilipomkatalia akarudi kwao. Kila mwaka baraza la mji lilimpa leseni ya kuwafunza vijana, na kila mwaka aliifanya upya bila shida.

Mwaka ule shida ikaja. Sayi, binti wa Luhende mwenye bucha, alikuwa juu kabisa ya mnara. Mguu ukateleza. Akaanguka kwenye sakafu iliyotandikwa magunia matupu, mkono ukavunjika.

Luhende alikwenda barazani akiwa bado na aproni yake ya buchani.

"Mimi ndiye mwenye machinjio mji huu," alisema. "Sikujua kwamba kuna mengine, na kwamba mwanangu ndiye anayepelekwa!"

Baraza likakataa kuifanya upya leseni. Ghala likatiwa kufuli. Asiyeridhika, wakasema, akate rufaa, itasikilizwa siku ya gulio kuu, miezi miwili baadaye, mbele ya watu wote.

Holo akakata rufaa. Lakini alikuwa na nini cha kuonyesha? Magunia yaleyale!

Sasa, ukuta kwa ukuta na ghala lile aliishi Kabula, fundi magodoro. Siku zile alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote maishani mwake, magodoro ya bweni jipya la shule, na pamba imejaa mpaka sebuleni. Alikaa jioni ya kwanza bila kusikia vishindo vya Panzi. Akakaa ya pili. Ya tatu akamwendea Holo.

"Mwalimu, kimya hiki kinanitia ugonjwa. Mnahitaji mikeka minene kiasi gani?"

"Mama Kabula, hatuna cha kukulipa."

"Nimekuuliza unene."

Akashona. Pamba yote aliyoinunua kwa kazi ya bweni ikaingia kwenye mikeka ya Panzi. Shule ilipoona kazi imechelewa, ikampa fundi mwingine, na Kabula akaendelea kushona.

Siku ya gulio ikafika. Uwanja wa baraza ukafurika! Wauza dagaa waliacha meza zao, wenye ng'ombe wakaja na ng'ombe wao. Mwenyekiti wa baraza, Bi. Nkwimba, akagonga meza.

"Mwalimu Holo, mtoto alianguka. Kosa ni la nani?"

Vijana wakadhani atasema ni la sakafu, au la baraza lisilotoa msaada. Holo akasimama.

"Ni langu, Mheshimiwa. Nilijua magunia hayatoshi. Niliwaona wanavyofurahi, nikawaacha wapande. Kama kikwazo ni mimi, niondoeni mimi. Nitaondoka leo hii. Leseni wapeni watoto."

Watu wakanong'onezana. Halafu vigelegele! Mkokoteni wa ng'ombe unaingia, Kabula kakaa juu ya mikeka yake kama bibi harusi. Mikeka ikatandikwa mbele ya meza.

Bi. Nkwimba akaibonyeza kwa mkono. "Ni mizuri. Lakini nitajuaje kama inamwokoa mtu? Nani atapanda?"

Panzi wakatazamana. Tangu siku ile hakuna aliyepanda popote, na hofu ilikuwa imewakaa miguuni. Ndipo sauti ikatoka upande wa walalamikaji.

"Mimi."

Alikuwa Sayi. Mkono ulikuwa umepona, umebaki mwembamba kidogo kuliko mwenzake.

"Kaa chini!" Luhende akamdaka.

"Baba, ukikataa sipandi. Lakini tangu nianguke naogopa hata ngazi za shule. Nikiondoka hapa leo bila kupanda, nitaogopa mpaka lini?"

Luhende alimtazama binti yake. Akaitazama mikeka. Kisha, wenzangu, akavua viatu!

"Utapanda," alisema. "Ila wa chini nitakuwa mimi. Mguu wako ukitikisika, niusikie kwenye bega langu."

Hoihoi zikalipuka! Mlalamikaji mwenyewe akachuchumaa katikati ya vijana. Holo akaanza kuwaelekeza.

"Mzee Luhende, panua miguu. Pumua. Usitazame juu."

Safu ya kwanza ikasimama, ya pili ikapanda, na Sayi akapanda juu yao wote kama paka, mpaka akainuka kileleni na kunyoosha mikono yote miwili. Mnara ukayumba! Wanawake wakajifunika macho. Luhende akauma meno, mishipa ya shingo ikamtoka, asisogee hata unyayo.

"Ruka!" Holo akapaza sauti.

Sayi akajirusha hewani, akajikunja, akatua kwa mgongo kwenye pamba. Puu!

Watu wakanyoosha shingo.

Kisha akaketi, akacheka. "Naomba tena!"

Hapo hakuna aliyebaki mahali pake. Watu walirukaruka, ng'ombe wakakata kamba, na Bi. Nkwimba mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti bila kujua alifikaje.

"Rufaa imekubaliwa!" akatangaza. "Leseni inafanywa upya! Lakini sheria inataka jina moja la mlezi. Huyo ndiye atakayeshika ufunguo, na neno lake ndilo litakaloamua nani apande na asipande nani. Mnamtaka nani?"

Panzi wakapiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu Holo!"

"Aliyekiri kwamba alijua, akawaacha mpande?" akauliza Luhende, bado anahema. "Mheshimiwa, niandike mimi. Nisingelalamika, magunia yangekuwepo mpaka leo. Hakuna atakayelinda mlango ule kama mtu aliyewahi kumbeba mwanawe akilia."

"Atatupandisha juu ya kiti tu!" kijana mmoja akalalamika, na watu wakaangua kicheko.

Kabula akashuka kwenye mkokoteni. "Nanyi mnagombania nini? Wote wawili mlikuwa na maneno. Mimi ndiye niliyeweka kitu chini ya mtoto, nikapoteza kazi yangu ya mwaka. Tena naishi ukuta kwa ukuta nao. Usiku na mchana nawasikia."

"Mama Kabula, sarakasi unaijua?" akauliza Luhende.

"Sijui. Ndiyo maana sitajifanya najua. Nitauliza."

Wote wakamgeukia Holo. Akafuta macho kwa kiganja.

"Nilisema nitaondoka, na mkinituma niondoke nitaondoka. Lakini mkiniuliza, nitasema nautaka ule ufunguo. Kosa lile nalijua kwa sura na kwa harufu. Wao wanaliogopa kwa kusimuliwa. Mimi ndiye niliyelitenda, na halitanipita tena."

Bi. Nkwimba akamwita Sayi. "Binti, wewe ndiye uliyeanguka, na ndiye uliyeruka. Sema."

Sayi alikuwa ameshashika mkeka upande mmoja, wenzake upande wa pili, wanauvuta kuelekea ghalani.

"Mama, andika yeyote," akajibu, "ila andika upesi. Jioni inaisha!"

Wakaondoka mbio na mikeka vichwani, mji mzima nyuma yao, na mlangoni wakakuta kufuli. Bi. Nkwimba akabaki mezani na kalamu juu ya nafasi ile tupu, na watatu wale mbele yake, kila mmoja mkono wazi akingoja ufunguo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kalamu nawapa. Aliyewafundisha kupanda akakiri kosa lake, aliyesababisha mlango ufungwe kisha akawabeba begani, au aliyetandika pamba yake yote chini yao? Je, ufunguo mngempa nani?