Moto wa Bi Kidawa

Jumatano, tarehe tisa ya Mfungo Saba, saa kumi za alasiri, mama yenu Mwanaidi alifumba macho. Tangu saa ile mafiga yetu yamelala baridi. Leo siku tatu zimetimia, khitma imesomwa, nami nimewasha moto kwa mkono wangu. Sogeeni, wajukuu zangu. Kombo, kaa upande huu, moshi hautakufuata. Tumu, acha kutazama mlango. Nitawapa hadithi ambayo mama yenu alikuwa akiniomba alipokuwa mdogo kama nyinyi.

Paukwa!

Pakawa!

Nimemsikia Kombo tu, naye ametoa sauti ya kifaranga. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mungu awabariki.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu hakuiona, palikuwa na kijiji katika nchi ya mvua. Watu wake hawakujua kibiriti. Moto waliulinda mchana na usiku chini ya majivu. Ukimzimikia mtu, alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda kwa jirani, akasimama mlangoni, akasema, "Naomba moto." Jirani alimpa kaa, wala hakuna aliyewahi kunyimwa.

Lakini watu hao walikuwa na mwiko. Hawakumpelekea mtu moto kabla hajaomba. Kumpelekea kulikuwa sawa na kumwambia, "Nyumba yako imekushinda." Wakaogopa kuaibishana, wakaogopa aibu kuliko baridi.

Mwisho wa kijiji alikaa Bi Kidawa, msusi wa mikeka. Miguu yake ilikuwa imepooza. Alikuwa na mwana mmoja aliyemtekea maji, aliyemkatia kuni, aliyemwombea moto. Mwana huyo akafa kwa homa. Watu walimzika, walilia, wakarudi majumbani kwao. Kisha masika yakaanza.

Mlango wa tatu kutoka kwake alikaa msichana wa miaka tisa, jina lake Mize, pamoja na mama yake. Juu ya paa lao alilala Kunguru. Na Kunguru, mnamjua, alikuwa na habari za mapaa yote.

Siku ya kwanza akasema, "Mize, Mize, paa la Bi Kidawa halitoi moshi."

Mize akamwambia mama yake. Mama akasema, "Hajaomba, mwanangu. Akiomba tutampa."

Siku ya pili akasema, "Mize, Mize, paa la Bi Kidawa halitoi moshi."

Mama akasema, "Hajaomba, mwanangu. Akiomba tutampa."

Paka, aliyekuwa amejikunja kando ya mafiga, akafungua jicho moja. "Kunguru, una kiherehere. Moshi wa nyumba ya watu unakuhusu nini?"

"Mimi nalala nje," Kunguru akajibu. "Wewe baridi utaijulia wapi, mzee wa majivuni?"

Siku ya tatu akasema, "Mize, Mize, paa la Bi Kidawa halitoi moshi."

Mama alikuwa akikoroga uji. Mize akamuuliza, "Mama, atakujaje kuomba, naye hawezi kutembea?"

Mwiko wa kukorogea ukasimama ndani ya chungu. Msimchukie mama huyo, alikuwa mtu mwema. Ni vile hakuwahi kuulizwa. Akasema polepole, "Mwiko huu tumeukuta kwa wazee wetu, mwanangu." Kisha akauweka mwiko wa uji kando, akatoka kwenda uani, akamwacha Mize peke yake na moto.

Mize akatia kaa kwenye kigae, akatoka mbio. Hajafika mlango wa kwanza, mvua ikalizima. Akarudi.

Akatia kaa la pili, akalifunika kwa jani la mgomba. Hajafika mlango wa pili, upepo ukalichukua jani, kaa likazimika. Akarudi analia.

"Unatumalizia makaa yetu, mjinga wewe," Paka akasema. "Kaa uote."

Mize hakukaa. Alisimama akilia, maji yakimchuruzika. Paka akamtazama, akajinyoosha, akapiga miayo.

"Kaa tupu haliwezi mvua," akasema. "Chukua kumbi la nazi. Nimelala hapa miaka saba, najua kinachotunza moto. Kumbi huungua ndani kwa ndani. Haya, nenda, unaingiza baridi."

Mize akalichomeka kaa la tatu katikati ya kumbi la nazi, akalikumbatia kifuani chini ya nguo yake. Kunguru akashuka, akaruka chinichini juu ya kichwa chake, mabawa wazi kama paa, huku akiitukana mvua. Wakapita mlango wa kwanza. Wakapita mlango wa pili. Wakafika.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya ukili wa mikeka uliolowa. Bi Kidawa alikuwa amelala chini, amejifunika mkeka uliosukwa nusu.

"Nani?"

"Mimi Mize, bibi. Nimeleta moto."

Bi Kidawa akaufunua mkeka kidogo. Kisha akasema, "Basi mmenisikia."

"Tumesikia nini, bibi?"

"Nimeomba, mwanangu. Nimeomba siku tatu hapa nilipolala. Mvua ilikuwa kubwa kuliko sauti yangu."

Mize akaliweka kumbi katikati ya mafiga. Akapuliza mara moja, moshi. Akapuliza mara mbili, moshi. Akapuliza mara ya tatu, moto ukawaka. Akateleka chungu kidogo, akatia unga wa mtama uliobaki, akakoroga. Bi Kidawa akalishika bakuli kwa mikono miwili, wala hakunywa kwanza. Alilisogeza usoni, akaacha mvuke umpitie. Kisha akasema, "Kunywa na wewe." Wakanywa bakuli moja kwa zamu, hata likaisha.

Mize alirudi nyumbani amelowa, kifuani ana alama ya kuungua. Kunguru akamuuliza, "Amekupa nini kule?"

"Hakunipa kitu. Hana kitu."

"Sasa mbona unarukaruka?"

Mize akatazama miguu yake. Ni kweli ilikuwa ikirukaruka kwenye matope. "Sijui," akasema. "Nilidhani nimepeleka tu. Sasa naona nimerudi na kitu."

Akaenda kesho yake, akaenda na kesho kutwa. Watoto wenzake wakamfuata, huyu na maji, huyu na kuni, wakigombana nani atapuliza. Mle ndani mkasikika vicheko.

Lakini siwafichi, wajukuu zangu, maana nyinyi mmeshaona. Baridi ya siku tatu ilikuwa imekwisha kumwingia Bi Kidawa kifuani. Siku ya saba alifariki. Moto ulikuwa unawaka, mikono yake ilikuwa na joto, na mkono mmoja ulikuwa ndani ya mkono wa Mize.

Mize akalia, "Ningekwenda siku ile ya kwanza!"

Mama yake akamkumbatia. "Si wewe. Ni mimi niliyesema hajaomba."

Baada ya maziko, mama huyo akasimama mbele ya watu wote, naye alikuwa mtu wa haya sana, akasema, "Bi Kidawa aliomba siku tatu, nasi tukamsubiri aombe. Kuanzia leo, mkiona paa halitoi moshi, msingoje. Nendeni." Hakuna aliyebisha. Hata Paka, wanasema, siku ile alihama majivuni akalala mlangoni.

Ndiyo maana siku tatu hizi hapakuja mtu kutuuliza kama tuna njaa. Vyungu vilikuja vyenyewe. Hadithi yangu nimeifikisha hapo, naiweka chini.

Tumu, unataka kusema nini? Sema, usilie kwanza.

"Bibi, uji wa Bi Time. Mama alikuwa akimpelekea kila jioni, kwa sababu haoni. Siku hizi tatu nani amempelekea?"

Ee Mola wangu. Nilisahau. Vyungu vyote vya mtaa vimekuja kwetu, na kila mtu amedhani mwenzake amekwenda.

"Na yeye hakuomba," amesema Kombo. Ndiyo, baba. Hakuomba.

Leta unga, Tumu. Kombo, chochea moto. Tia sukari kidogo, mama yenu ndivyo alivyokuwa akimtilia. Sasa mimina kwenye lile bakuli lake la bluu, funika. Shikeni pamoja. Msikimbie, mwanga bado upo. Ukibisha hodi, Tumu, sema wewe ni mtoto wa Mwanaidi. Kaeni naye mpaka amalize. Mkirudi mtaniambia miguu yenu imefanya nini njiani.

Wameondoka.

Ewe Mola, Mwanaidi mwanangu amekujia mikono mitupu, maana vyote alivigawa. Mghufirie. Mpe kauli thabiti, mpanulie kaburi lake, mtilie nuru ndani yake. Usimwache na baridi. Wala usingoje aombe.

Amin.